Moto Haujibu Swali: Khabari za Wakathari wa Ufaransa

Neno mzandiki limezoeleka sana midomoni mwetu watu wa mwambao. Twamwita hivyo mtu mnafiki, asemaye hili na kuficha lile, na wengi wetu tulitamkapo hatujiulizi lilikotoka. Asili ya neno hili ni Kiajemi. Kabla ya kuja Uislamu, makuhani wa dini ya wafalme wa Kiajemi waliwaita zandik watu waliokuwa wakiwashutumu kwa upotofu, khasa wafuasi wa Mani, mtu aliyezaliwa katika nchi ya Babeli mwaka 216 wa Miladia na kufa kifungoni. Mani alifundisha kwamba ulimwengu una asili mbili, Nuru na Giza, na kwamba kila wema tuuonao ni wa Nuru, na kila uovu ni wa Giza. Waarabu walilipokea neno lile wakalisema kwa ulimi wao, na kwa Waarabu likatufikia sisi. Basi itazameni safari ya neno: mwanzo lilikuwa jina la mtu mwenye itikadi makhsusi, kisha likawa jina la kila anayeshukiwa katika dini yake, mwisho limekuwa tusi tu. Itikadi imesahauliwa, tusi limesalia.

Huko Ulaya nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Wajerumani humwita mzushi wa dini Ketzer, na neno hilo limetokana na jina la Wakathari. Wafaransa wana tusi lao, bougre, nalo limetokana na jina la Wabulgari, kwa kuwa katika nchi ya Bulgaria, katika karne ya 10, alitokea kasisi aitwaye Bogomil aliyefundisha mambo yanayokaribiana na hayo. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu khabari za hao Wakathari. Hatuzielezi kwa kuwa twaikubali itikadi yao. La, itikadi yao na tauhidi ni vitu viwili visivyokaa nyumba moja. Twazieleza kwa kuwa ndani yake mna swali linalomkabili kila mwenye dini, nalo ni hili: mtu aliye na haki, au anayeamini kwamba anayo, ana ruhusa gani juu ya mwenziwe anayemwona kuwa amepotea?

Wakathari waliishi katika karne ya 12 na ya 13 kusini mwa Ufaransa, katika nchi iitwayo Languedoc, yenye miji ya Toulouse, Carcassonne, Béziers na Albi. Wengine walikuwako kaskazini mwa Italia. Kwa sababu ya mji wa Albi wako waliowaita Waalbi. Ama jina la Wakathari hawakujipa wenyewe. Mtawa mmoja wa Kijerumani, Eckbert wa Schönau, alilitumia mwaka 1163 kwa wazushi wa nchi za mto Rhine, akilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya walio safi. Wenyewe walijiita Watu Wema, au Wakristo Wema, na wanawake wao wakaitwa Wanawake Wema.

Hapa yatupasa tusimame kidogo kwa ajili ya insafu. Sehemu kubwa ya khabari zao imeandikwa na wale wale waliowachoma moto. Vitabu vyao wenyewe vilivyosalia ni vichache mno. Wanahistoria wa siku hizi wamekhitilafiana: wako kama R. I. Moore, katika kitabu chake cha mwaka 2012, wasemao kwamba makasisi waliwakuza watu hawa, wakaufanya uchaji wa vijijini uonekane kuwa ni kanisa moja lenye mpango na maaskofu wake. Na wako wanaokataa, wakionyesha vile vitabu vichache vilivyobaki. Twayataja haya kwa kuwa wanazuoni wetu walitufunza tuulize kwanza khabari imepokewa kwa nani, ndipo tuitolee hukumu.

Itikadi yao, kwa muhtasari, ilikuwa hii. Mungu mwema ndiye aliyeumba roho na ulimwengu wa nuru usioonekana. Ama ulimwengu huu tuuonao, ardhi na milima, mwili wa mtu na wa mnyama, hiyo si kazi yake, ni kazi ya mwovu. Baadhi yao walisema mwovu huyo ni kiumbe aliyeasi. Wengine, wenye kushika zaidi, walisema ni asili ya pili isiyokuwa na mwanzo. Roho za watu ni malaika waliotekwa wakafungwa ndani ya miili, na roho isiyokombolewa huhama kutoka mwili hata mwili. Kwa hivyo walikanusha kwamba Nabii Isa alikuwa na mwili wa nyama na damu. Wakakataa ubatizo wa maji, na mkate wa kanisa, na kuutukuza msalaba.

Walikuwa na ibada moja kubwa waliyoiita Faraja, ambayo ni kuwekewa mikono kichwani pamoja na kitabu cha Injili. Aliyepokea Faraja na kuwa Mtu Mwema alijifunga kwa masharti mazito. Hali nyama, wala mayai, wala maziwa, wala jibini, kwa kuwa vyote hivyo hutokana na kuzaana. Samaki pekee waliruhusiwa. Haoi. Haapi kiapo. Haui, hata mnyama. Lakini wafuasi wa kawaida hawakufungwa na masharti hayo. Wao waliwasikiliza Watu Wema, wakawakirimu, wakawainamia kuomba baraka, na wakangojea kupokea Faraja karibu ya kufa.

Je, ni jambo gani lililowafikisha watu wenye akili kuamini hayo? Kimesalia kitabu kimoja chao, Kitabu cha Asili Mbili, kilichoandikwa Italia katika karne ya 13, na nakala yake ilipatikana Florence ikachapishwa mwaka 1939. Mwandishi wake hakuwa mjinga. Hoja yake, kwa maneno yetu, huenda hivi: mwasema Mungu ni mwema mtupu, na ni muweza wa yote, na anajua yatakayokuwa kabla hayajakuwa. Basi alipowaumba malaika alijua kwamba baadhi yao wataasi. Akiwa alijua, na kuwaumba vingine aliweza, na bado akawaumba hivyo, sababu ya uasi ni nani? Mkisema malaika walikuwa na khiari, je, khiari ya kutenda uovu ilitoka wapi ndani ya kiumbe aliyetoka mikononi mwa mwema mtupu? Mti mzuri hauzai tunda bovu. Basi uovu una asili yake nyengine, nayo haitokani na Mungu.

Ndugu msomaji, usilidharau swali hili. Ndilo swali la mama aliyemzika mwanawe mchanga, na la mtu mwaminifu aliyenyang'anywa shamba lake na mwongo. Maulamaa wa Kiislamu walilijua vizuri, kwa kuwa walijadiliana na wafuasi wa Mani huko Iraq miaka mingi kabla ya Wakathari kutajwa. Na majibu waliyotoa yalikuwa majibu ya hoja. Sisi tutayataja mawili, na kuongeza neno letu moja.

Jibu la kwanza ni kwamba aliyekimbilia miungu wawili ili amtakase Mungu na uovu, amemvua Mungu uungu wenyewe. Kwani akiwapo wa pili asiyeshindika, yule wa kwanza ameshindwa kumzuia. Naye anayeshindwa ni mhitaji, na mhitaji si Mungu. Wakathari walikhofu kumnasibishia Mungu ubaya, wakamnasibishia udhaifu.

Jibu la pili latokana na mambo tuyaonayo kila siku. Mtu hutenda uovu leo, kesho akajuta akaungama kosa lake. Je, aliyetenda na aliyejuta ni mmoja au ni wawili? Mkisema uovu ni wa Giza na majuto ni ya Nuru, basi aliyejuta amejutia jambo asilolitenda, na ungamo lake ni uwongo. Na mkisema ni mtu mmoja aliyetenda na kujuta, mmekiri kwamba nafsi moja yaweza kuyabeba yote mawili, na haja ya asili mbili imeondoka. Toba haina maana illa ikiwa moyo uliokosa ndio huo huo uliorejea.

Neno letu sisi ni juu ya mwili na ulimwengu. Moto upikao wali ndio uunguzao nyumba. Mvua iotayo mahindi ndiyo ibomoayo ukuta. Kitu hakiwi kiovu kwa kuwa chaweza kuumiza. Mwili ni amana tuliyopewa: kwa mkono huu huu mtu huiba, na kwa mkono huu huu humwinua aliyeanguka. Anayeuona mwili wenyewe kuwa ni jela ya shetani, ndoa huiona ni kosa na mtoto kuwa ni mfungwa mpya, na kwa wengine baadaye imani hii ilifika hata mgonjwa aliyekwisha kupewa Faraja akaacha kula mpaka afe. Hapa itikadi imempinga Muumba katika kazi yake.

Hayo ndiyo majibu yetu, wala hatudai kwamba mama aliyefiwa akiyasikia machozi yake yatakauka. Hoja huondoa shaka ya akili. Haiondoi uchungu wa moyo. Lakini mtu aliyeuliza kwa uchungu anastahiki zaidi kujibiwa kwa upole. Na sasa tutazame hao waliouliza swali hili walijibiwa nini.

Kwanza ni haki tuseme kwa nini watu waliwafuata. Watu Wema walikwenda kwa miguu, wawili wawili, wakiishi kwa kazi ya mikono yao, na wengi wao walikuwa wafumaji nguo. Hawakutoza ushuru wa kanisa. Mwanamke aliweza kushika daraja lao. Dada wa bwana wa Foix, Esclarmonde, alipokea Faraja mwaka 1204 mbele ya wakuu wengi. Makasisi wa nchi ile kwa upande wao walijulikana kwa kupenda mali na kuacha kazi. Wala hili si masingizio ya maadui. Papa Innocent wa Tatu mwenyewe, aliyeshika cheo mwaka 1198, aliwalaumu wakuu wa kanisa la Narbonne akiwafananisha na mbwa waliokuwa bubu, wasioweza kubweka. Mchungaji akilala, usimlaumu kondoo aliyemfuata mwengine.

Lakini pia ni haki tuutaje ubaya wa mpango wao wenyewe, mbali na hiyo itikadi. Dini yao iliwagawa watu mafungu mawili: wachache waliobeba mzigo wote, na wengi waliowaegemea hao wachache. Mtu aliweza kuishi apendavyo miaka 60, akitumainia kuwekewa mikono saa ya mwisho. Hatari hii haikuwa ya Wakathari peke yao. Popote ambapo mtu huuweka wokovu wake mfukoni mwa mtu mwengine aliye mtakatifu zaidi, na yeye akastarehe, hapo ugonjwa ni ule ule hata kama majina ni mbali mbali.

Mwaka 1206 askofu mmoja kutoka Hispania, Diego wa Osma, pamoja na kasisi wake Dominic, walipita Languedoc wakakuta wajumbe wa Papa wamekata tamaa. Wajumbe wale walikuwa wakisafiri na farasi na watumishi na fahari nyingi. Diego aliwanasihi waiache fahari hiyo, waende kwa miguu, wahubiri na kujadiliana na watu. Basi wakafanya mabaraza ya mjadala. Huko Montréal mwaka 1207 pande mbili ziliandika hoja zao na kuzileta mbele ya waamuzi. Huu ulikuwa mlango mwema. Ulifunguliwa kwa muda wa miaka miwili tu.

Mnamo Januari 1208 mjumbe wa Papa, Peter wa Castelnau, aliuawa, na shuku ikaangukia watu wa Raymond wa Sita, bwana wa Toulouse. Kuua mjumbe ni uovu usio na udhuru, wala hatuutetei. Lakini Papa hakutosheka kumtafuta muuaji. Alitangaza vita vya msalaba juu ya nchi nzima, nchi ya Wakristo, akawaahidi wapiganaji msamaha wa dhambi, na ardhi ya mabwana waliowalinda wazushi akaihalalisha kutwaliwa.

Jeshi lilifika Béziers mwezi wa Julai 1209, sawa na mwaka 606 wa Hijra. Askofu wa mji alileta orodha ya majina zaidi ya 200 ya watu waliotuhumiwa, akawataka wenyeji ama wawatoe hao, ama wao wenyewe watoke wawaache. Wenyeji, ambao wengi wao walikuwa Wakristo wa kanisa la Papa, walikataa kuwatoa jirani zao. Tarehe 22 Julai mji ukaingiliwa, na watu wakauawa hata waliokimbilia makanisani. Imesimuliwa kwamba mkuu wa jeshi kwa upande wa dini, Arnaud Amalric, alipoulizwa watamjuaje mzushi na asiye mzushi, aliamuru wauawe wote, Mungu atawatambua walio wake. Msimulizi wa maneno hayo ni mtawa Caesarius wa Heisterbach, ambaye hakuwapo, naye aliandika huko Ujerumani zaidi ya miaka 10 baadaye. Kwa hivyo sisi hatuyategemei. Twategemea barua ya Arnaud mwenyewe kwa Papa. Humo alieleza kwamba watu karibu 20,000 walipitishwa upangani bila ya kuangaliwa cheo wala umri, mume wala mke. Wanahistoria waiona hesabu hiyo kuwa imezidishwa. Lakini mtu anayezidisha hesabu ya aliowaua ili apate sifa, amejishuhudia mwenyewe.

Mwaka 1210 huko Minerve watu 140 walichomwa moto. Walipewa nafasi ya kukana, na waliokana ni wanawake watatu tu. Mwaka 1211 huko Lavaur walichomwa baina ya 300 na 400, na bibi mwenye mji, Guiraude, akatumbukizwa kisimani na kufukiwa kwa mawe. Tena tazameni ajabu hii. Mwaka 1212 mfalme Peter wa Pili wa Aragon, pamoja na huyo Arnaud Amalric, walikuwa bega kwa bega katika vita vya al-Uqab huko Andalusi, walipowashinda Waislamu wa dola ya Muwahidina. Mwaka uliofuata mfalme huyo huyo aliuawa huko Muret na wapiganaji wa msalaba, kwa kuwa alikwenda kumsaidia shemeji yake wa Toulouse. Upanga ukishazoea kuitwa mtakatifu, hauulizi tena shingo ni ya nani. Na mwaka 1215 mkutano mkuu wa kanisa, uliofanyika Roma, katika kikao kimoja ulithibitisha adhabu za wazushi na ukaamuru pia kwamba Waislamu na Wayahudi wakaao katika nchi za Wakristo wavae mavazi ya kuwapambanua na wengine.

Vita vilikwisha mwaka 1229 kwa mapatano ya Paris. Binti wa bwana wa Toulouse aliozwa ndugu wa mfalme wa Ufaransa. Na walipokufa hao wawili mwaka 1271 bila ya mtoto, nchi yote ikawa mali ya taji la Ufaransa. Vilianza kwa jina la dini, na mwisho wake hati za ardhi zilibadilisha mikono.

Baada ya vita kulikuja jambo lililokuwa baya zaidi kwa kuwa lilikuwa la kimya. Kuanzia miaka ya 1230 Papa Gregory wa Tisa aliweka Mahakama ya Kuchunguza Itikadi, na kazi hiyo wakapewa khasa watawa wa chama cha yule Dominic, ambaye alikwisha kufariki mwaka 1221. Mnamo miaka ya 1245 na 1246 wachunguzi wawili mjini Toulouse waliwahoji watu zaidi ya 5,000. Kila mmoja aliulizwa: umemwona nani? nani alimwinamia Mtu Mwema? nani alimpa mkate? Mke alisemea mumewe, jirani alisemea jirani. Waliopatikana na hatia ndogo walishonewa misalaba ya rangi ya manjano nguoni. Maiti walifukuliwa wakachomwa. Mwaka 1252 Papa Innocent wa Nne aliruhusu watuhumiwa wateswe ili waseme.

Wako waliosimama mpaka mwisho. Mwaka 1242 watu waliotoka ngome ya mlimani ya Montségur waliwaua wachunguzi huko Avignonet, na hili nalo twalihesabu kuwa ni damu iliyomwagwa pasina haki, na tena ni kinyume cha mafundisho yao wenyewe. Ngome ikazingirwa toka Mei 1243 hata Machi 1244. Walipewa siku 15: atakayeikana itikadi yake atasalimika. Katika siku hizo watu wapatao 20, ambao wangeweza kushuka wakaenda zao, waliomba kupewa Faraja, wakijua maana yake. Tarehe 16 Machi 1244 zaidi ya watu 200 walichomwa chini ya mlima ule. Sisi twasema itikadi yao ilikuwa batili. Lakini mtu anayechagua moto kuliko kusema asiloliamini, huwezi kumwita mzandiki. Wazandiki walitengenezwa na mahakama, si na ngome.

Na mfano wake ni huu. Mtu Mwema wa mwisho ajulikanaye wa Languedoc, Guillaume Bélibaste, alikuwa amekimbilia Hispania. Aliyemrudisha mikononi mwa wachunguzi ni kijana Arnaud Sicre, ambaye mama yake alichomwa moto kwa uzushi na mali ya nyumba yao ikatwaliwa. Kijana huyu, ili arejeshewe mali ile, alijifanya mfuasi, akaketi na watu wale, akala nao, akawainamia, kisha akawauza. Bélibaste alichomwa mwaka 1321. Mahakama iliyosema yaitafuta imani safi, ilimzawadia mtu mwenye nyuso mbili na ikamchoma mwenye uso mmoja.

Mtu aweza kutuambia: lakini moto ulifaulu, kwani Wakathari hawako tena. Jibu letu ni kwamba kutoka Béziers hata Bélibaste ni miaka 112. Dawa inayochukua miaka 112 si dawa ya kujisifia. Tena, kilichowarejesha watu wengi wa kawaida si moto peke yake. Walikuja watawa maskini waliokaa mijini, wakaomba chakula chao, wakasomesha watu, yaani lile lile alilolinasihi Diego mwaka 1206. Na jambo la tatu ndilo kubwa: Wakathari walikwisha, mahakama haikwisha. Chombo kikishafanywa hutafutiwa kazi. Hispania ilianzisha mahakama yake mwaka 1478, nayo iliwaandama Wayahudi waliobatizwa na Waislamu wa Andalusi waliobatizwa kwa nguvu, ikachungulia ni nani asiyekula nguruwe na ni nani anayeoga siku ya Ijumaa, mpaka baina ya mwaka 1609 na 1614 waliosalia wakafukuzwa katika nchi ya babu zao.

Msomaji asidhani twayasema haya ili tuwacheke Wakristo. Nyumba yetu nayo ina ufa wake. Khalifa al-Mahdi, aliyetawala toka mwaka 158 hata 169 wa Hijra, aliweka mtu makhsusi wa kuwasaka wazandiki, na pamoja na wafuasi wa Mani walipatilizwa watu ambao kosa lao halikuthibitika. Na mwaka 218 Khalifa al-Maamun, mpenda elimu na mwenye kuwatukuza wanazuoni, aliwatahini maulamaa kwa nguvu waikubali kauli yake juu ya Qur'ani kuwa imeumbwa. Imamu Ahmad bin Hanbal alifungwa, na zama za al-Mu'tasim akapigwa mijeledi. Leo kauli ile iliyopigiwa watu mijeledi imebaki vitabuni, na aliyepigwa ni imamu wa umma.

Lakini twashukuru kwamba tuna mfano mwengine pia. Mwaka 377 wa Hijra Ibn al-Nadim huko Baghdad aliandika katika Fihrist khabari za Mani na mafundisho yake kwa marefu, na wanahistoria wa ulimwengu wote huzitegemea hata leo. Al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 548, katika kitabu chake juu ya mila na madhehebu alijiwekea sharti la kuieleza kila itikadi kama ilivyo katika vitabu vya wenyewe, bila ya kuipendelea wala kuionea. Watu hawa wawili hawakuwa na shaka katika dini yao. Ni kwa kuwa hawakuwa na shaka ndipo wasiogope kumsikiliza mpinzani mpaka amalize kusema. Mwenye khofu na hoja yake ndiye anayekimbilia fimbo.

Basi tumetoka na nini katika khabari hii ndefu? Tumetoka na hukumu tunayoiona kuwa ni ya haki: kwamba mwenye haki ana ruhusa ya kubainisha, na kunasihi, na kukanya, na kuyarudia hayo asichoke, na ana wajibu wa kumzuia dhalimu asidhulumu. Lakini moyo wa mtu hana ruhusa nao. Imani ni kazi ya moyo, nao moyo haushurutishwi; ukishurutisha ulimi bila ya moyo, umeongeza unafiki ulimwenguni, na unafiki ni mbaya kuliko kosa ulilotaka kuliondoa.

Katika miji yetu hatuchomi mtu moto, na kwa hilo twamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini kijana akiuliza chuoni kwa nini Mungu ameuacha uovu, mara nyingi huambiwa, "Nyamaza, utakufuru." Watu wawili wakikhitilafiana katika jambo la dini, kabla ya magharibi mmoja amekwisha kuitwa mzushi na mwengine mzandiki, na watoto wao wamekatazwa kuamkiana. Hizi ni cheche za moto ule ule. Aliyenyamazishwa hakujibiwa, ameondoka na swali lake, na atalipeleka kwa yeyote atakayemkaribisha kwa uso mkunjufu, hata akiwa mpotofu. Hivyo ndivyo walivyopatikana Wakathari: kasisi alikuwa mkali na mwenye tamaa, na Mtu Mwema alibisha hodi kwa upole.

Basi anayeuchukia upotofu na aanze na nafsi yake: awe mwaminifu katika mizani, mpole katika jibu, mwenye kuisoma hoja ya mpinzani kabla ya kuivunja. Na wewe mwalimu wa chuo, kijana akikujia na swali zito, mweke kitako umsikilize. Ukiwa na jibu, mpe. Ukiwa huna, mwambie mtalitafuta pamoja, kisha mlitafute.

Wabillahi tawfiq.